Pwani Niliyoifundisha Nikiwa Mpanda

Baba yangu aliitwa Amade Nsua, mkwezi wa minazi. Mama yangu aliitwa Asina binti Nchimu, mpasuaji wa nazi za mbata. Walinizaa katika kambi ya vibarua wa shamba la minazi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Msimbwa, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, wakati Mreno angali anatawala. Cheti sina. Mama alikuwa akisema nilizaliwa siku ile ile baba alipoanguka mnazini akavunjika mkono, na kwa hiyo siku hiyo ilimtia uchungu mara mbili.

Jina langu ni Zaituna. Pili, mjukuu wangu, andika maneno kama yanavyotoka, wala usiyapambe. Nimekuita wewe kwa sababu mwandiko wako unasomeka na kwa sababu humkatizi mtu kabla hajamaliza. Lakini maneno haya si yako peke yako. Ni ya vijana wote wanaoitamani kazi ya kufundisha, maana siku hizi kila aliyeshindwa kazi nyingine naona anasema atakuwa mwalimu.

Mimi sikuwahi kuingia darasani kama mwanafunzi. Niliingia kama mwalimu, nikiwa nimekwisha kupata wajukuu. Katika miaka ya tisini nilifundisha Kireno hapa Mpanda. Kusoma sijui, kuandika sijui. Nilifundisha kwa mdomo, kwa mkono, na kwa fimbo ndogo ya mpera.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mkonongo wa hapa hapa, fundi wa reli. Alinikuta Mtwara, nilikokuwa nimefika kwa kuvuka Ruvuma pamoja na mama kutafuta kazi ya mkonge. Reli ya Kusini ilipong'olewa, akahamishiwa kwenye tawi hili la Mpanda, akanileta. Tangu siku hiyo bahari sikuiona tena. Niliwekwa katika nchi ya miombo, asali na mbung'o, nikazoea. Mtu huzoea.

Kazi ya kufundisha ilinijia kwa sababu ya chai. Nilikuwa nikifua vitambaa vya altare na kupika katika nyumba ya masista, Kawajense, ingawa mimi ni Mwislamu. Sabuni haina dini. Siku moja alikuja padri mgeni aliyekulia Brazili. Kikombe kikampinduka mapajani, naye akatamka neno ambalo padri hatakiwi kulitamka. Mimi, birika mkononi, nikamwambia kwa Kireno, "Bwana, hapa kuna watawa." Yule padri alisahau mapaja yake.

Sista Yustina, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, akaniuliza, "Bibi Zaituna, hicho Kihindi umekitoa wapi?"

"Si Kihindi, Sista. Ni lugha ya watu walionipiga."

Kumbe Sista alikuwa na mzigo uliokosa mbebaji. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimekwisha, na shirika moja la misaada lilikuwa likikusanya wauguzi na mafundi wa visima wapelekwe kwenye pwani ile ya kaskazini. Mpanda ilikuwa na mafundi wazuri wa pampu, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi miaka mingi katika makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Kitu walichokosa ni lugha, na kitu kingine ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Sista akasema, "Wafundishe yote mawili." Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Liandike hilo, kwamba nilikubali upesi.

Kireno changu nilikipata jikoni. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi niliwekwa katika nyumba ya msimamizi wa shamba, chini ya mpishi mzee aliyeitwa Bernardo, mtu mwenye vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Bernardo alikataa kunipa neno bila kitu chenyewe. Akisema chumvi, anaitia mdomoni mwangu. Akisema moto, ananisogeza mpaka nivute mkono. Nilimchukia. Baadaye nilipokuwa mwalimu nilifanya kama yeye, nikaona kwamba alikuwa sahihi: neno lililopita mwilini halitoki.

Kwa hiyo sikuwapa wanafunzi wangu daftari. Niliweka chumvi ya kutosha katika ndoo ya maji, nikawanywesha mmoja mmoja, nikasema, "Haya ndiyo mar, bahari. Umeyanywa, sasa unayajua." Fundi mmoja alitapika kwenye maua ya masista. Nazi niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa treni kupitia Tabora na Kaliua, ikafika imeoza ndani. Tuliifundishia hivyo hivyo miaka mitatu. Kuna watu walikwenda pwani wakiamini kwamba nazi huwa nyeusi na kunuka.

Katika uwanja nilichora pwani kwa pumba za mpunga. Hapa maji, hapa mchanga, hapa minazi, hapa mikoko ambako tope linameza mguu. Niliwaambia kwamba bahari huondoka ikarudi mara mbili kwa siku. Hawakukubali. Wengi walikuwa wamelijua Ziwa Tanganyika pale Karema, na ziwa halina tabia hiyo.

"Bibi, yakiondoka yanakwenda wapi?" aliuliza mmoja.

"Yanakwenda kumsalimia mkwewe. Wewe jifunze saa ya kurudi kwake, usikutwe katikati."

Tena niliwafundisha upande wa jua. Mtu wa huku amezoea jua kuzama majini. Kule jua linatoka majini. Nilikuwa nikiwafumba macho kwa kitambaa, nawazungusha, nawafungua, nawauliza kwa Kireno bahari iko wapi na kisima kiko wapi. Ukishuka mashuani, panda mchanga, pita kati ya minazi, njia ya kisima iko kushoto, nyembamba, ina mizizi. Niliwafundisha njia ile mpaka wakaweza kuitembea katika uwanja wa Kawajense huku wamefumba macho. Ilikuwa njia yangu ya utoto. Nilikuwa nikiipita kuchota maji kila asubuhi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na aliyeniletea habari yake ni Sesilia. Huyu alikuwa muuguzi kutoka Mpimbwe, Mkatoliki wa kusali hata kabla ya kunywa maji, binti mpole kuliko wote wa kundi la kwanza. Alikaa kule miezi minane akarudi likizo. Alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Bibi, ulinifundisha nini?"

"Kimetokea nini?"

"Siku ya kwanza nilimwambia daktari mkuu maneno yote uliyonipa. Wauguzi wakakimbia nje. Yeye akaniuliza kwa upole, 'Dada, Kireno hiki chenye kiboko umekipata wapi?'"

Nilikaa chini. Maneno niliyompa yalikuwa yale niliyopewa mimi: njoo, kaa, lete, nyamaza, haraka, mnyama we. Katika nyumba ile sikuwahi kuambiwa "tafadhali", wala sikusikia kibarua yeyote akiambiwa. Nilikuwa nimempeleka binti wa watu akazungumze na wagonjwa kama msimamizi wa shamba. Sesilia alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikamfuata yule padri wa chai anifundishe maneno laini, nami nilikuwa na umri wa kuzikwa. Hivyo mjue, vijana: hata mwalimu hubeba mavi ya nyumba alikojifunzia, na hunuka kwa wengine kabla hajayasikia yeye.

Sesilia alileta na habari nyingine, nami sikuipa uzito. Alisema, "Bibi, minazi ya kwenu haina vichwa. Imesimama kama nguzo." Nilimwambia minazi huugua. Alisema pia njia ya kisima si kushoto tena. Nilimwambia bila shaka alishukia mahali pengine. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini sijakanyaga mchanga ule, nikabishana na mtu aliyetoka kuukanyaga.

Katika kundi la pili ndipo alipokuja Masanja.

Alikuwa fundi wa pampu, kijana wa Kisukuma wa Kasokola, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Ulimi wake ulikuwa mzito. Neno moja alilitafuna asubuhi nzima. Lakini akilipata, amelipata. Hakuniita Bibi kama wenzake. Aliniita Mayu, yaani mama kwa lugha yao. Wenzake walimtania, "Masanja, ukifika pwani utamsalimia hata kaa." Naye hujibu, "Kama ni mkubwa kwangu, nitamsalimia."

Juma moja kabla hawajaondoka, baba yake alikuja kwa baiskeli kunitazama. Mzee Lugata alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake aliivua nje ya lango. Tuliketi nyuma ya jiko.

"Wewe ndiye unayempeleka mwanangu baharini?"

"Mimi nampa maneno. Wanaompeleka ni wengine."

"Bila maneno angebaki na ng'ombe. Basi wewe ndiye." Akaigeuza kofia mkononi. "Huko unakujua?"

"Kama jikoni mwangu."

"Nina mabinti wanne na huyu mmoja. Namkabidhi kwako."

Nikasema, "Nimempokea." Kwa watu wazima neno hilo si la mdomoni. Ukimpokea mtu, unamrudisha.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ingefaa niwe nimeificha.

Sista Yustina alikuwa amepata barua na karatasi yenye picha ya fuvu juu ya kibao chekundu. Alituambia kwamba wakati wa vita watu walizika mabomu ardhini, kandokando ya njia, karibu na visima, karibu na madaraja, na kwamba hakuna anayekumbuka yaliko yote. Mimi neno la kitu hicho sikulijua. Wakati wangu hakikuwapo. Padri alinipa: minas. Akanipa na kanuni ya kuwalinda watu: Só no caminho, njiani tu. Usitoke kwenye ardhi iliyokanyagwa, hata kwa haja ndogo, hata kwa kivuli, hata kwa embe lililoanguka.

Niliwafundisha. Kila asubuhi kabla ya somo walisimama wakasema kwa sauti moja, Só no caminho, mara ishirini. Masanja alilisema vizuri kuliko wote. Niliridhika.

Lakini darasa letu lilikuwa kibanda nyuma ya bustani, na kutoka langoni mpaka kibandani kulikuwa na njia nyembamba ya mtu mmoja, nyasi pande zote mbili. Mimi nilipita njia hiyo kutoka jikoni, wao waliipita kutoka langoni, tukawa tunakutana katikati. Nanyi mnajua desturi ya huku. Mdogo akikutana na mkubwa kwenye njia nyembamba, hutoka, huingia kwenye nyasi, hushusha mzigo, huinama, husalimia, naye husubiri huko huko mpaka mkubwa apite. Msukuma hufanya hivyo, Mpimbwe hufanya hivyo, Mkonongo hufanya hivyo, na mimi niliyekuja kuolewa niliipenda desturi hiyo kwa sababu utotoni mwangu mimi ndiye niliyekuwa nikitoka njiani kumpisha kila mtu.

Kwa hiyo kila asubuhi wanafunzi wangu walitoka njiani, wakanipisha, wakanisalimia. Baada ya hapo waliingia kibandani wakaimba kwamba hawatatoka njiani. Sikuliona jambo hilo. Miezi mitatu, kila siku ya Mungu, sikuliona.

Liko lililo baya zaidi. Binti mmoja wa Shanwe, mwepesi wa akili, siku moja alinisalimia akiwa amesimama pale pale njiani, akajibana tu ubavu. Nilimrudisha mpaka langoni. Nilimwambia, "Rudi, uje kama mtu aliyelelewa." Akarudi, akaingia kwenye nyasi, akainama. Masanja alikuwa nyuma yake. Aliniona nikitikisa kichwa kwa kuridhika.

Waliondoka mwanzo wa kiangazi, kwa treni. Habari zilikuja kabla ya mvua. Sista Yustina aliniita katika chumba cha wageni, ambako sikuwahi kuketi, akaniambia niketi. Nilijua.

Siku chache baadaye alifika Sesilia mwenyewe, kwa maana baada ya likizo alirudi kule, akawa katika safari ile ile, naye ndiye aliyenieleza. Walikuwa wakitoka kupima kisima, watu wanne, mmoja nyuma ya mwingine, Masanja mbele na spana begani. Njia ilikuwa nyembamba. Mbele akatokea mwanamke mzee mwenye mtungi kichwani.

"Tulijua kanuni, Bibi. Asubuhi ile ile tuliisema."

"Endelea."

"Masanja alimwona yule mama. Akashusha spana. Akatoka."

"Hatua ngapi?"

"Moja."

Nilimwuliza kwa nini hakumshika. Nilimwuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake. Sesilia alinitazama akasema, "Bibi, na mimi mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka."

Alikufa kabla gari halijafika. Walimzika kule, katika mchanga, kati ya minazi isiyo na vichwa.

Tulikwenda Kasokola kwa pikapu ya masista: Sista, Sesilia na mimi. Habari ya kifo ilikuwa imetangulia; sisi tulikwenda kueleza. Mzee Lugata alitupokea karibu na zizi, mabinti zake wamesimama nyuma yake, mdogo wao, Kabula, ameshika spana ile ambayo Sesilia alikuwa ameirudisha. Sesilia alieleza kama alivyonieleza mimi, hakuongeza, hakupunguza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia maneno juu yangu. Nilikuwa nimempokea mtu na sikumrudisha, naye alikuwa na haki ya kuniambia lolote mbele ya binti zake. Lakini aliuliza jambo moja tu.

"Yule mama aliitikia?"

Sesilia akainamisha kichwa. Hapakuwa na kuitikia, kwa sababu hapakuwa na salamu. Masanja alikuwa amefungua mdomo tu. Yule mama mzee alikuwa amenyoosha mkono kumzuia, akipiga kelele kwa lugha yake, na mtungi ulivunjika kabla ya neno lolote la heshima. Sesilia alikuwa ameniambia hayo yote.

Mimi nikajibu, "Aliitikia."

"Alisema nini?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Sikurudi. Nilisema, "Alisema, Bom dia, meu filho."

"Maana yake?"

"Umeamkaje, mwanangu."

Mzee Lugata aliyarudia. Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mwanawe. Alinitaka niseme tena, akarudia tena, na mara ya nne au ya tano akayapata. Kisha akawageukia binti zake akasema, "Mmesikia. Ameitwa mwana. Hakufa kama mgeni." Sista Yustina alinitazama pembeni, akaelewa, akanyamaza. Yeye ametangulia mbele ya haki na ukimya huo. Wangu ninautoa leo.

Baada ya hapo nilitaka kuacha kazi. Sista akasema, "Kundi la tatu linakuja Jumatatu. Ukiacha, watafundishwa na kitabu, na kitabu hakina miguu." Nikabaki. Lakini nilibadili mafundisho, na haya yaandikwe vizuri kwa sababu ndiyo ujuzi pekee ninaouacha.

Nilimwaga majivu mistari miwili uwanjani, katikati nikaacha upana wa mtu mmoja. Mimi nilitoka upande huu na ndoo ya maji kichwani, mwanafunzi akatoka upande ule. Kazi yake ilikuwa kutotoka. Wote walitoka. Kila aliyevuka majivu nilimpiga fimbo ya muundi, si kwa kumwumiza, kwa kuukumbusha mguu. Walikuwa na watoto, wengine wana mvi. Fundi mmoja wa makamo aliniambia, "Bibi, nisamehe, siwezi kukupiga kikumbo."

"Nipige."

"Nitamwambia nini mama yangu?"

"Utamwambia mwenyewe, ukiwa hai. Nipige."

Kwanza walijifunza kusimama. La pili, walijifunza kusema salamu kwa sauti kutoka mbali, mkono kifuani, miguu ikiwa pamoja. Tatu, na hili lilichukua majuma, walijifunza kurudi nyuma kwa kukanyaga nyayo zao wenyewe mpaka mahali penye upana, wampishe mkubwa hapo. Anayeshindwa kurudi, apite ubavu kwa ubavu, kifua kikimgusa mzee. Binti mmoja wa Kisukuma alilia siku nne. Siku ya tano alinipita, bega lake likanigonga, maji ya ndoo yakanimwagikia mpaka kiunoni. Nikamwambia, "Vema." Alilia zaidi.

Katika mitaa ya Kawajense na Shanwe walisema Bibi Zaituna amefungua shule ya kukosa adabu. Mama mmoja alikuja langoni akapaza sauti: "Nimemlea mwanangu miaka ishirini, nyie mnamharibu kwa miezi miwili! Jana amenisalimia amesimama kama mlingoti!" Alikuwa anasema kweli. Niliwaharibu kwa makusudi, mmoja mmoja, na kila nilipofanikiwa nilihisi nimevunja kitu ambacho si mimi niliyekijenga. Makundi matatu yalikwenda baada ya hapo. Wote walirudi wakitembea. Wengine mpaka leo, wakikutana nami sokoni, husita, mguu mmoja juu.

Wala sikufundisha tena njia ya kisima. Mwanafunzi akiuliza, nilisema, "Muulize aliyepita jana."

Sasa, Mzee Lugata. Kila alipokuja Mpanda mjini kuuza maziwa au kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, alinitafuta. Alikuwa akivua kofia, ananisalimia, "Bom dia, meu filho." Kuniita mimi mwanawe hakukumsumbua, kwake yalikuwa maneno ya kumkumbuka mtu. Nami ilinibidi nimwitikie. Niliitikia miaka kumi na mmoja, mbele ya wauza dagaa, mbele ya wauza nyanya. Hakuna adhabu ambayo jumbe angeweza kunipa inayofanana na ile. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza mvua ikatutawanya, nikaishukuru mvua. Mara ya pili alikuwa anakohoa, nikasema si wakati wake. Alikufa akiamini.

Na jambo halikufa naye. Mwaka jana nilikwenda Kasokola kwenye msiba mwingine. Asubuhi watoto wadogo wa Kabula walipita kwenda kuchunga, nikawasikia wakisalimiana kwa maneno yale, yamechakaa, yamegeuka kidogo, lakini ni yale. Nilimwuliza mmoja maana yake. Akasema, "Ndiyo salamu aliyopewa mjomba kabla hajafa. Sisi tu ndio tunayo." Alikuwa na majivuno, kifua mbele.

Basi, Pili, haya ndiyo maagizo.

Usiandike kwamba ilikuwa mapenzi ya Mungu. Yeye ana yake ya kusema, nami sina kibali cha kumsemea. Usiondoe fimbo wala usiondoe neno lile nililolisema kuhusu mavi. Andika jina Masanja wa Lugata kila linapotakiwa, lisigeuke "mwanafunzi mmoja". Sesilia, ukimwona, mwambie nimesema hadharani kwamba hakukosa.

Daftari hili usilitunze kabatini. Kabla ya mvua nenda Kasokola, umtafute Kabula, na dada zake walio karibu wawepo. Wasomee ukurasa wa zizi, polepole, bila kulainisha. Wakikuuliza kama maneno yale ni Kireno cha kweli, sema ni cha kweli. Wakikuuliza yule mama aliyasema, sema hapana, aliyasema Zaituna. Kisha ukae kimya. Wakilia, usiwabembeleze, wakinilaani, usinitetee, wakisema watoto waendelee na salamu hiyo au waiache, huo ni uamuzi wao.

Nimekuachia kurasa nne tupu nyuma. Watakalosema, liandike humo kwa maneno yao, pamoja na majina ya waliosema. Hizo kurasa nne ndizo za kutunza. Hizi zangu, wakikuomba uzichane, zichane pale pale mbele yao.